Mratibu mmoja, kamati au dawati la dekania: nani apokee taarifa za ulinzi parokiani?

Waraka wa jimbo unaotaka kila parokia iwe na utaratibu wa kuwalinda watoto na watu wazima walio katika mazingira hatarishi haupingwi na mtu halmashauri ya parokia inapokaa. Ubishi huanza kwenye kipengele kinachofuata: taarifa zipokelewe na nani? Wapo wanaotaka mtu mmoja anayejulikana na kila mtoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto parokiani. Wapo wanaotaka kamati, kwa sababu mtu mmoja anaweza kutishwa au kununuliwa. Wengine huona mzigo huu ni mkubwa kwa parokia, heri ubebwe na dekania nzima, yaani kundi la parokia za jirani.

Njia hizo tatu tunazipima hapa kwa vipimo vilevile. Mazingira tunayoyazungumzia ni parokia ya Kikatoliki Tanzania, yenye kituo kikuu na vigango vyake, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake. Msharika wa Kilutheri aweke usharika mahali pa parokia. Hoja ni zilezile.

Yasiyojadiliwa, mkichagua njia yoyote

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kifungu chake cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha serikali ya eneo lake. Kwa upande wa Kanisa, Papa Fransisko alitoa waraka wa Vos estis lux mundi ("Ninyi ni nuru ya ulimwengu") Mei 2019, akaihuisha Machi 2023. Padre au mtawa anayepata taarifa ya unyanyasaji wa kingono uliofanywa na padre au mtawa mwenzake lazima aifikishe kwa Askofu bila kuchelewa; jimbo liwe na mahali panapofikika kwa urahisi pa kupokelea taarifa; na anayetoa taarifa asifungwe mdomo. Waraka huo wa Papa unasema haufuti wajibu uliowekwa na sheria za nchi.

Kwa hiyo parokia haigeuki mahakama. Kumkalisha mtoto meza moja na anayetuhumiwa, ofisini kwa paroko, eti "tusikie pande zote", kunaharibu kesi na kumuumiza mtoto upya. Kuyamaliza kindugu kwa faini au kwa ahadi ya ndoa ni kuficha kosa la jinai, hata kama wazazi wa pande zote wamekubaliana na kupeana mikono.

Atakayeambiwa na mtoto, awe mratibu au mama wa jumuiya anayefua vitambaa vya altare, afanye hivi. Asikilize bila kukatiza. Asiahidi kwamba hatamwambia mtu, kwa kuwa ahadi hiyo ataivunja siku hiyohiyo. Akihitaji kuuliza, aseme "niambie ilivyokuwa", kisha anyamaze. Swali kama "alikushika hapa?" linampa mtoto jibu mdomoni, na wakili wa utetezi atalishikilia. Kabla siku haijaisha aandike tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, swali aliloliuliza, na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto. Alama za mwilini aandike alivyoziona, asikisie zilitokana na nini. Atie sahihi.

Kama ni ubakaji au ulawiti wa karibuni, saa ndiyo adui. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Mtoto asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au mfuko wa karatasi. Ndani ya mfuko wa plastiki unyevu hukaa na ushahidi huoza. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono ina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Pasipo na kituo hicho, mtu aende polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto akapate PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, lakini hali ikiwa ya dharura hospitali itangulie, fomu ifuate. Namba 116, ya bure, hupokea simu za watoto na za watu wazima wanaopiga kwa niaba yao. Msomaji wa Kenya ana 116 pia, fomu yake ni P3, sheria yake ni ile ya Watoto ya 2022, na ofisi yake ni ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Hakuna njia kati ya hizi tatu inayomfanya paroko kuwa mpokeaji mkuu wa taarifa. Si kwa kutomwamini. Padre anaungamisha, na lililosemwa kwenye kitubio haliwezi kutoka kwake kwa namna yoyote. Akiwa yeye ndiye mpokeaji, baadaye hakuna atakayeweza kutenganisha alichokisikia kwenye kiti cha maungamo na alichoambiwa barazani. Mtoto akimwambia kwenye maungamo, anachoweza kufanya padre ni kumhimiza aliseme tena nje, kwa mratibu au kwa mtu mzima anayemwamini. Lazima basi huyo mratibu awepo, na mtoto amjue.

Vipimo

Cha kwanza ni kufikika: je, mtoto wa miaka 9, au bibi asiyeweza kutembea, anaweza kufikisha neno bila kumwomba ruhusa mtu anayemtesa? Cha pili ni uhuru: akitajwa paroko, katekista au mwenyekiti wa halmashauri, taarifa itapita wapi? Kisha siri, yaani idadi ya masikio. Kasi: saa ngapi hupita tangu neno lisemwe hadi lifike polisi au ustawi wa jamii. Kumbukumbu na mwendelezo: padre huhamishwa, kamati huisha muda wake, lakini kesi inaweza kuchukua miaka. Mwisho, gharama.

Kwa maoni yetu uhuru unazidi vyote kwa uzito. Mengine yote hurekebishika kwa nauli na mafunzo. Mfumo ambao mtuhumiwa ndiye mlango wake haurekebishiki.

Njia ya kwanza: mratibu mmoja na msaidizi wake

Parokia inateua mlei mmoja, na msaidizi wa jinsia nyingine. Muuguzi au mwalimu mstaafu anafaa sana. Asiwe mwajiriwa wa parokia, wala ndugu wa paroko au wa katekista. Picha na namba yake zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo kikuu na wa kila kigango, kwenye kimo ambacho mtoto anaweza kusoma.

*Kufikika.* Hapa njia hii inaongoza. Watoto hawaendi ofisini. Huenda kwa mtu. Mratibu anayewatembelea watumishi wa altare mara moja kila mwezi na kuwafundisha nani wa kumwambia ataambiwa mambo ambayo sanduku la maoni halitayaona kamwe. Ila kwa kigango cha kilomita 20, mtu huyo ni picha tu ubaoni.

*Uhuru.* Unategemea uti wa mgongo wa mtu mmoja. Kama anaimba kwaya na anayetajwa ni mwalimu wa kwaya, ana Jumapili ngumu mbele yake. Barua yake ya uteuzi iandikwe kwamba akitajwa padre au kiongozi, anakwenda jimboni moja kwa moja bila kupitia kwa paroko, na nakala ya barua hiyo paroko awe nayo tangu siku ya kwanza.

*Siri.* Nzuri kuliko zote. Masikio mawili, au manne msaidizi akihusishwa.

*Kasi.* Nzuri akiwepo. Akisafiri kwenda msibani wiki mbili na simu yake imezimwa, parokia haina ulinzi. Msaidizi aliyeteuliwa kwa jina tu, asiyewahi kupokea hata taarifa moja, si msaidizi.

*Kumbukumbu.* Hapa ndipo njia hii huporomoka. Taarifa zinabaki kwenye simu yake binafsi, au kwenye daftari lililo juu ya kabati la nyumbani ambako wajukuu wanajua kusoma. Dawa yake ni daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba, kabati la chuma lenye ufunguo wa mratibu na wa msaidizi pekee, na laini ya simu ya kazi hii tu, ambayo akiondoka anaikabidhi kwa maandishi.

*Gharama.* Ndogo: simu ya kawaida, vocha, nauli ya vigangoni, na siku za mafunzo ya jimbo.

Inaifaa parokia ndogo au changa, na ile yenye mtu mmoja ambaye watu tayari humwendea na matatizo yao.

Njia ya pili: kamati ya parokia

Watu watano, na si zaidi ya saba: mwanamke na mwanaume walau wawili wawili, mmoja wa afya au ustawi, mmoja wa elimu, mmoja kutoka vigangoni, na mmoja mwenye ulemavu au anayeishi na mwenye ulemavu. Kamati isizaliwe kutoka WAWATA, UWAKA na VIWAWA (vyama vya wanawake, wanaume na vijana) kwa mgao wa viti, kama kamati ya sherehe ya jubilei. Mgao huleta watu wanaowakilisha vyama vyao, na siku ya taarifa wanakwenda kuvisimulia.

*Kufikika.* Wastani. Sura ni nyingi, hivyo kila kundi linaweza kupata wa kumwamini. Lakini "nendeni kwenye kamati" si maelekezo ambayo mtoto anayaelewa. Kila mjumbe apewe kundi lake kwa jina: huyu wa watumishi wa altare, huyu wa mafundisho ya komunyo ya kwanza na kipaimara, huyu wa wagonjwa wa nyumbani.

*Uhuru.* Imara zaidi, kwa sababu watano ni vigumu kutishwa pamoja. Sharti lake ni kwamba paroko asiwe mwenyekiti, na mjumbe mwenye undugu au urafiki na anayetajwa atoke chumbani, na kutoka kwake kuandikwe.

*Siri.* Ndipo palipo hatari. Watano wakijua, wenzi wao wakijua, Jumamosi kwenye jumuiya jina la mtoto linatajwa. Kamati isipewe majina. Mpokeaji na katibu ndio wanaojua. Wengine hupewa namba ya taarifa, aina yake na hatua iliyochukuliwa.

*Kasi.* Kamati huua kasi kwa njia moja: kusubiri kikao. Akidi haijatimia, mwenyekiti yuko safarini, wiki imepita, saa 72 zimekwisha. Kanuni iandikwe hivi: anayepokea taarifa anaifikisha polisi, ustawi wa jamii au serikali ya mtaa ndani ya saa 24 bila kikao, kisha kamati inajulishwa. Kamati isiyokubali kanuni hii isianzishwe.

*Kumbukumbu.* Nzuri. Wajumbe wakitoka kwa zamu, wawili leo na watatu mwaka unaofuata, hakuna siku ambayo wote ni wageni.

*Gharama.* Ya kati: vikao, nauli za wajumbe wa vigangoni, mafunzo ya watu watano badala ya wawili.

Nguvu yake halisi, ambayo njia nyingine mbili hazina, ni kinga. Kamati ina miguu ya kuzunguka. Chukua mazoezi ya kwaya ya watoto, yanayoanza saa 12 jioni. Mwenye daftari la mahudhurio anaandika nani amekuja na nani atamchukua. Watu wazima ni wawili, hata kama mmoja kazi yake ni kushona tu pembeni. Mlango uko wazi, taa ya nje inawaka. Mazoezi yanaisha saa 1 na nusu, si saa 3 usiku, na mtoto ambaye hajachukuliwa anabaki na wote wawili, hapandishwi pikipiki ya mwalimu. Mjumbe mmoja akipita bila taarifa mara moja kwa mwezi, haya yote yanashika. Asipopita, ndani ya miezi michache mtu mzima wa pili anaacha kuja, kisha mlango unafungwa "kwa sababu ya mbu".

Vivyo hivyo kwa hija na semina: watoto wa kike na wa kiume vyumba mbalimbali, watu wazima wa jinsia husika kwenye chumba cha jirani na si kitanda cha pili, msimamizi mmoja kwa kila watoto 8 hadi 10 na kamwe si chini ya wawili, na ridhaa ya mzazi iliyoandikwa na yenye namba ya simu inayopatikana.

Inaifaa parokia kubwa ya mjini yenye shule, kituo cha malezi, kwaya kadhaa na watu wenye taaluma mbalimbali.

Njia ya tatu: dawati la dekania

Parokia kadhaa za jirani zinachangia dawati moja lenye watu wawili au watatu waliofunzwa vizuri. Kila parokia inabaki na mtu mmoja wa kiungo, ambaye kazi yake ni kuelekeza na kusindikiza tu.

*Kufikika.* Hafifu. Mama wa kigango kisicho na mtandao hapigi simu kwa mtu asiyemjua, mjini, kumweleza habari ya aibu ya nyumba yake. Mtu wa kiungo asipofanya kazi, dawati linakaa bila taarifa na dekania inajisifu kwamba haina matukio. Dawati lisilopokea chochote mwaka mzima likaguliwe namna linavyofikika kabla ya kupongezwa.

*Uhuru.* Mkubwa. Mfanyakazi wa dawati hali Pasaka na mtuhumiwa. Isipokuwa pengo moja: dekano, mkuu wa dekania, naye ni paroko wa mojawapo ya parokia hizo. Bila njia ya kwenda jimboni isiyopita kwake, uhuru huo una shimo.

*Siri.* Nzuri sana. Wanaojua wako mbali na kisima na soko la kijiji.

*Kasi.* Mchanganyiko. Wanaijua kazi, wanamfahamu afisa ustawi wa halmashauri ya serikali na askari wa Dawati la Jinsia kwa majina, hivyo jambo likishafika mezani linakwenda haraka. Kulifikisha mezani ndiko kunakochelewa.

*Kumbukumbu.* Bora kuliko zote, na zina faida ya ziada: katekista aliyeondolewa parokia moja kimyakimya akaomba kazi parokia ya jirani, jina lake lipo kwenye kabati lilelile. Uhamisho wa kimya ndio njia ya kale ya tatizo hili kuenea, na mratibu wa parokia moja hana namna ya kuuona.

*Gharama.* Kubwa kwa jumla, ndogo kwa kila parokia, mradi zote zinalipa. Parokia mbili zikikaa na malimbikizo, nauli inakatika na dawati linabaki kibao mlangoni.

Inazifaa parokia za vijijini zenye watu wachache wenye mafunzo, na mahali ambako kila mtu ni ndugu wa kila mtu.

Watu wazima huvuruga mizani hii

Yote yaliyotangulia yamemlenga zaidi mtoto. Kwa mtu mzima kuna jambo la ziada: ridhaa yake. Bibi ambaye mjukuu wake huchukua fedha zake za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ana haki ya kuulizwa anataka nini kifanyike, na anaweza kusema "acheni kwanza". Jibu hilo liheshimiwe na kuandikwa, na aulizwe tena baada ya muda, peke yake, mjukuu akiwa hayupo. Ridhaa haisubiriwi pale uhai uko hatarini, pale mtu hana uwezo wa kuelewa kinachomtokea, au pale anayetuhumiwa bado anawahudumia wengine.

Hapa mratibu mmoja na kamati hulipita dawati la mbali, kwa sababu mazungumzo haya huhitaji kurudiwa. Wanaopeleka komunyo kwa wagonjwa ndio macho ya parokia. Waende wawili, mchana. Wasishike kadi ya benki ya mgonjwa wala namba yake ya siri ya simu, hata akiwaomba wamsaidie kutoa hela, na wasipokee zawadi ya shamba au kiwanja. Wafundishwe kutazama: chakula kilichopo, majeraha yanayoelezwa kwa namna mbili tofauti, mgonjwa wa akili aliyefungwa kamba, mlango unaofungwa kwa nje. Wajue pia kwamba maombi hayachukui nafasi ya dawa. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge naye ni wa kutolewa taarifa. Kwa mtu asiyesikia, mkalimani wa lugha ya alama asiwe ndugu wa nyumbani, maana mara nyingi huyo ndiye anayelalamikiwa.

Kuamua kwa kutazama hali yenu

Parokia mpya, vigango vitatu au vinne, hakuna fedha: anzeni na mratibu na msaidizi, na siku hiyohiyo nunueni daftari na kabati. Msisubiri mwaka wa bajeti.

Parokia ya mjini yenye shule ya awali na watoto mamia kwenye mafundisho: kamati, pamoja na kanuni ya saa 24, na mjumbe mmoja atangazwe kuwa wa kupigiwa simu. Kwa maneno mengine, chukueni mratibu wa njia ya kwanza mkamweke ndani ya ya pili.

Vigango vilivyotawanyika: njia yoyote mtakayoichukua itakufa bila mtu wa kiungo katika kila kigango. Awe mwanamke anayejulikana, na asiwe mke wa katekista wa hapohapo.

Parokia ambayo imewahi kuwa na tukio na watu wamegawanyika, wengine upande wa mtoto, wengine upande wa mtuhumiwa: msiunde kamati sasa, itagawanyika vilevile. Ombeni dawati la dekania au la jimbo lipokee taarifa kwa miaka miwili, ninyi mshughulikie kinga.

Dekania isiyo na dawati, na anayetajwa ni paroko mwenyewe: taarifa iende ofisi ya Askofu kwa barua yenye tarehe, nakala ibaki kwa mtoa taarifa, na kama ni kosa la jinai iende polisi siku hiyohiyo bila kusubiri jibu la barua. Mtoa taarifa akiogopa kwenda peke yake, asindikizwe na mtu wa parokia nyingine.

Na kama mna mfumo tayari na hamna hakika kama unafanya kazi, muulizeni mtoto yeyote wa kipaimara, nje ya darasa, akipatwa na jambo atamwambia nani na namba yake iko wapi. Majibu ya watoto kumi yatawaonyesha cha kubadilisha kabla ya kikao kijacho cha halmashauri.